Manyoya Matatu Yaliyo Sawa
Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya mafundi, walimu na wanafunzi wa kazi za chuma na mbao

Wazee wetu, mafundi mliotufungulia karakana hii, walimu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mnaojifunza kazi za mikono: nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya vifaa ambavyo mtu anaweza kujitengenezea ili kuyapa umbo manyoya ya mishale, na nitalishika jambo hilo mpaka mwisho. Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: mshale unahitaji manyoya matatu yanayofanana kwa urefu, kwa kimo na kwa umbo, na kufanana huko hutoka katika kifaa kilichotengenezwa kwa uangalifu kabla ya unyoya wa kwanza kukatwa. Mkono wa fundi, hata uwe hodari namna gani, hauwezi kurudia mkato uleule mara thelathini. Kila mmoja wenu amewaona wafyatua matofali pembezoni mwa mji wetu, na anajua kwamba ukuta hunyooka kwa sababu kalibu ni moja. Katika kazi ya mishale nasi tunatafuta kalibu yetu.

Naomba nieleze kwanza unyoya unafanya nini, kwa maana asiyejua kazi yake hatajua ni kosa lipi la kuogopa. Ugwe, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa husukuma mshale kutoka nyuma kwa ghafla, na wano, yaani ule mti wa mshale wenyewe, hupinda huku na huku likiwa linapita ubavuni mwa upinde. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, alitumia picha za kasi kubwa kuuchunguza mwendo huo, na mpindo huo ukaonekana waziwazi. Baada ya kupita upinde, mshale hauna budi kutulia upesi. Manyoya yaliyo nyuma hukamata hewa na kuurudisha mkia kila unapotaka kwenda kando, na hivyo chembe, yaani ncha ya mshale, hubaki mbele na mkia hubaki nyuma. Endapo unyoya mmoja umezidi wenzake kwa milimita mbili, hewa itauvuta upande mmoja zaidi, na mshale utakwenda pembeni kila mara bila mpigaji kujua kosa ni lake au ni la mshale. Manyoya yote matatu kwa pamoja hayafiki gramu moja, lakini ndiyo yanayoamua mshale unatulia au hautulii.

Kuna watakaouliza kwa nini tusitumie vipande vya plastiki vinavyouzwa tayari. Vipande hivyo vina mahali pake, hasa kwenye pinde za kisasa ambazo mshale hupita bila kuzigusa. Upinde wa mti, ambao mshale huegemea mkononi au kwenye ubavu wa mti, unataka kitu kinachokunjika kinapogusa na kurudi mahali pake papo hapo. Unyoya hufanya hivyo, ilhali plastiki ngumu hugonga ubavu na kuurusha mkia kando.

Kazi hii ni ya kale sana. Yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alpi, ambaye aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na podo lenye mishale 14, na kati ya hiyo miwili tu ilikuwa imekamilika. Kila mmoja ulikuwa na manyoya matatu yaliyopasuliwa, yakabandikwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi. Katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa 1982, yalipatikana maelfu ya mishale, na mahali yalipokuwa manyoya palikuwa pamebaki mabaki ya gundi yenye shaba ndani yake. Mtu wa Katanga, nchi ya shaba, hawezi kusikia habari hiyo bila kutega sikio. Kwetu Kongo, Wambuti wa msitu wa Ituri huingiza jani lililokatwa katika mpasuo wa wano, nalo hufanya kazi ya unyoya. Wazee wa Kiluba humsimulia Mbidi Kiluwe, mwindaji, baba yake Kalala Ilunga aliyeanzisha ufalme wa Waluba, na vile vitegemeo vya kuwekea pinde na mishale, vilivyochongwa kwa sura ya mwanamke, vilikuwa alama ya utawala na leo vinatunzwa katika makumbusho ya nchi nyingi. Nayataja haya ili vijana wasidhani kwamba tunaiga mchezo wa wageni.

Sasa tuje kwenye unyoya wenyewe. Unaofaa ni unyoya mkubwa wa bawa, wa bata mzinga au wa bata bukini, kwa sababu nyuzi zake ni ngumu na zimeshikana. Unyoya wa kuku wa kawaida ni laini mno kwa mshale mzito. Wafugaji wa bata mzinga hapa mjini huyatupa mabawa baada ya kuchinja, na ukizungumza nao kwa adabu watakuwekea. Nawasihi msiguse manyoya ya ndege wa porini walio hatarini. Kasuku wa kijivu, kwa mfano, tangu mkutano wa mwaka 2016 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, amewekwa katika orodha ya viumbe wanaolindwa kwa ukali zaidi katika biashara ya kimataifa, na hakuna mshale unaostahili kumfanya apungue.

Kabla ya kukata chochote, tenganisheni manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto katika mifuko miwili. Manyoya ya mabawa hayo mawili yamepinda kuelekea pande tofauti, na mpindo huo ndio unaosaidia mshale kuzunguka angani. Ya kulia huuzungusha upande mmoja na ya kushoto upande mwingine, kwa hiyo mkiyachanganya katika mshale mmoja yatapingana. Mshale wa kulia na mshale wa kushoto yote ni mizuri. Mshale wa mchanganyiko hauna dawa.

Unyoya hupasuliwa katikati ya uti wake kwa kisu chenye ncha kali, kwa kufuata mfereji ulio upande wa chini. Kisha uti uliobaki husuguliwa mpaka uwe bapa na mwembamba, wa milimita moja hivi, ili ukae vizuri juu ya wano. Hapa ndipo kifaa cha kwanza kinapohitajika, nacho ni rahisi. Mafundi wa madirisha ya alumini hutupa vipande vifupi vya alumini yenye umbo la L; chukueni viwili vyenye urefu wa sentimita 20, viwekeni mgongo kwa mgongo, kamateni unyoya katikati uti ukiwa umejitokeza kidogo tu, kisha sugueni juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo au ubao ulionyooka. Alumini itauzuia mkono usisugue kupita kiasi. Vaeni kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la uti ni jepesi na hukaa hewani.

Kifaa cha pili ndicho ninachotaka tukae nacho kwa muda mrefu, nacho ni kibano cha kiolezo. Chukueni mabamba mawili ya shaba ya njano au ya alumini, yenye unene wa milimita 2, urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 4. Yakamateni pamoja katika jiliwa, kile kibanio cha mezani, kabla ya kuchora mstari wowote, toboeni tundu moja kila mwisho, na ingizeni pini mbili zinazobana. Kuanzia hapo mabamba hayo ni kitu kimoja. Piga tupa ukingo mmoja mpaka unyooke kabisa, na uuhakikishe kwa kuuweka juu ya kioo. Huo ndio ukingo wa chini, na vipimo vyote vitaanzia hapo. Chora umbo juu yake: msingi wa sentimita 10, mstari unaopanda taratibu kutoka mbele, kimo cha milimita 12 karibu na robo ya mwisho, kisha mteremko mfupi nyuma. Kata kwa msumeno wa chuma nje ya mstari, halafu maliza kwa tupa, mabamba yote mawili yakiwa bado yamefungwa pamoja. Anayepiga tupa bamba moja leo na jingine kesho atapata vibao viwili vinavyofanana machoni tu, na unyoya utamsuta.

Umbo likishakamilika, pini zibaki zimekazwa katika bamba moja, na matundu ya bamba la pili yapanuliwe kidogo sana ili liweze kuteleza juu ya pini hizo bila kuyumba. Mnaona sasa kwa nini bamba lina sentimita 14 na unyoya una 10: pini na vibanio vya kulikaza hukaa kwenye ncha, mbali na unyoya. Vibanio vya nguo viwili vyenye springi nzuri vinatosha. Upande wa ndani wa mabamba usuguliwe kwa msasa mkavu ili unyoya usiteleze, na makali ya pembe yaondolewe yasije yakakata nyuzi. Pigeni alama mbele ya kibano kwa patasi, ili kila unyoya uingie ukielekea upande mmoja.

Namna ya kuukamata unyoya ndani ya kibano inataka subira. Uti ukae chini ya ukingo ulionyooka na ugusane nao kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kimo cha unyoya hupimwa kutoka hapo. Nyuzi ziachwe zilale kama zilivyoumbwa, zikielekea nyuma. Mwanafunzi huwa na hamu ya kuzichana zisimame wima ili zionekane nyingi, naye akishakata na kufungua kibano, nyuzi hurudi kulala na umbo lote hupotea. Kata kwanza kwa mkasi mkali ukiacha ziada ya milimita moja, kisha tembeza wembe juu ya ukingo wa bamba. Wasio na wembe mzuri wanaweza kupitisha ukingo haraka katika mwali wa mshumaa. Bamba litailinda sehemu iliyo ndani, na masalio yatapanguswa kwa brashi. Kwa njia ya mwali, shaba nyekundu nene ni bora kuliko alumini, kwa kuwa hunywa joto na kulitawanya, nasi katika mji huu hatuna kisingizio cha kukosa shaba.

Kifaa cha tatu nitakipitia kwa ufupi. Ni kisu kilichokunjwa kwa umbo la unyoya, ambacho hupigwa kwa nyundo ya mbao mara moja na kukata unyoya wote. Hutengenezwa kwa ukanda mwembamba wa chuma kama ule unaofungia mizigo mikubwa, au kwa msumeno wa zamani wa chuma chenye kaboni ambao meno yake yameondolewa. Noeni ukingo mmoja kukiwa bado kimenyooka, kikunjeni kwa kufuata kipande cha mbao ngumu kilichochongwa umbo lile, kisha kibaneni kati ya vipande viwili vya mbao makali yakitokeza milimita 3 au 4. Chuma cha msumeno lazima kilainishwe kwa moto kabla ya kukunjwa, kisha kipashwe mpaka kiwe chekundu, kizamishwe katika mafuta, na kipashwe tena kidogo hadi kiwe na rangi ya majani makavu ili kisivunjike. Ukanda wa mizigo hauna haja ya hayo yote, lakini makali yake huisha upesi. Kisu hiki ni cha haraka, na anayetengeneza mishale mingi atakipenda. Udhaifu wake ni kwamba kikikunjwa vibaya mara moja, hakuna tupa itakayokirekebisha.

Nafika kwenye waya wa moto, ambao wengi wenu mmekuja kwa ajili yake. Katika njia hii manyoya hubandikwa kwanza kwenye wano yakiwa makubwa bado, kisha mshale mzima hulazwa juu ya vibao viwili vyenye mkato wa V na kuzungushwa polepole mbele ya waya uliokunjwa kwa umbo tunalolitaka. Waya ukiwa mwekundu hukata nyuzi zinazoufikia. Uzuri wake ni kwamba kimo cha manyoya yote matatu hupimwa kutoka katika mhimili wa mshale wenyewe, kwa hiyo hata unyoya uliobandikwa juu kidogo hushushwa sawa na wenzake. Sharti lake ni wano lililonyooka. Wano lililopinda hutembea juu na chini linapozunguka, na waya utakata kosa hilo ndani ya manyoya.

Waya unaofaa ni wa nikeli na kromu, unaostahimili joto bila kuungua upesi, na hupatikana katika majiko ya umeme ya koili na vikausha nywele vilivyokufa. Tafuteni ulio mnene, wa milimita 0.8 ikiwezekana, kwa sababu mwembamba hulegea unapopata moto na umbo hubadilika. Uliokwisha kutumika miaka mingi huvunjika ukikunjwa, basi mjaribu kipande kabla ya kuanza. Watu wa ardhi hii waliujua waya tangu zamani: Wayeke wa Bunkeya, zama za mfalme wao, Mwami Msiri, aliyeuawa mwaka 1891, walikuwa wakivuta nyuzi nyembamba za shaba. Kwa hiyo nguzo mbili zinazoshika waya wetu tuzifanye kwa shaba nyekundu nene, kwa kuwa hupitisha umeme bila kupata moto sana, na mbao za kitako zitabaki salama.

Juu ya umeme naomba kila mtu anisikilize. Kipande cha sentimita 15 cha waya huo wa milimita 0.8 kina ukinzani wa takriban theluthi moja ya omu, na kinakuwa chekundu kwa ampea 10 hivi. Maana yake ni kwamba kinahitaji volti 3 au 4 tu. Umeme wa ukutani wenye volti 220 usiguswe kamwe kwa kazi hii: utaua mtu kabla haujakata unyoya. Transfoma iliyotolewa katika oveni ya maikrowevu nayo iachwe kama ilivyo, kwa maana upande wake wa pili hutoa volti zipatazo 2,000. Njia ninayoipendekeza ni betri ya gari ya volti 12, ikifuatana na fyuzi ya ampea 15 na swichi ya mguu ambayo huzima mara unapoinua kisigino. Waya mfupi peke yake ungevuta ampea zaidi ya 30 na kukatika, kwa hiyo ongezeni kipande kingine cha waya uleule, cha sentimita 40, kikiwa kimefuatana na cha kwanza katika njia moja ya umeme. Kipande hicho nacho kitakuwa chekundu, basi kikunjwe koili na kilazwe juu ya tofali la kuchoma, mbali na mbao na mbali na mikono. Faida nyingine ya betri ni kwamba kazi haisimami umeme wa mtaa unapokatika.

Waya usiguse wano. Mbele, pale unyoya unapoanza, uachwe nafasi ya milimita moja au mbili, na vibao vya V viwe na kizuizi ambacho mkia wa mshale hukigusa, ili kila mshale ukae mahali pamoja. Zungusheni bila kusita, kwani mkono ukisimama waya huchimba. Harufu itakayotoka ni kali, kwa kuwa unyoya, kama nywele na kucha, una salfa ndani yake; fanyeni kazi hiyo nje au penye upepo, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Gundi na vanishi zenye kimiminika cha kuyeyushia zikauke kabisa kabla ya mshale kusogezwa kwenye waya, na makopo yake yawe mbali, kwa kuwa mvuke wake huwaka.

Nikiulizwa ni kifaa kipi kitangulie, nitasema bila kusita kwamba kibano cha kiolezo kitangulie. Kijana aliyepiga tupa mabamba mawili mpaka yakafanana amejifunza jambo ambalo waya hautamfundisha, na kibano hicho hakihitaji umeme wala moto. Waya ni wa yule aliyekwisha kujua unyoya sahihi unaonekanaje, kwa sababu kifaa cha haraka hurudia kosa kwa haraka ileile.

Yamebaki mambo madogo ya kubandika. Manyoya matatu hukaa digrii 120 kutoka moja hadi jingine, yote yakielekea upande mmoja, na moja kati yake, ambalo ni vizuri liwe na rangi tofauti, husimama pembe mraba na ule mkato wa nyuma unaoshika ugwe, ili mawili yaliyobaki yapite kwa urahisi ubavuni mwa upinde. Acheni sentimita 2 au 3 kati ya manyoya na mkato huo, vidole vipate nafasi. Wakati wa masika, kuanzia Novemba, manyoya yatalowa na kulala. Yapitisheni juu ya mvuke wa birika, nayo yatasimama tena. Mishale hiyo ipigwe kwenye shabaha yenye kilima cha udongo nyuma yake, na mtu yeyote asisimame mbele ya mstari.

Juu ya meza ya kushoto kuna mabamba ya shaba ya njano yaliyokwisha kukatwa kwa kipimo nilichokitaja, pamoja na tupa na pini. Meza ya kulia ina manyoya yaliyotengwa, mfuko wa kulia na mfuko wa kushoto. Waya na betri viko nje uani, na hatutavigusa mpaka kila kikundi kiwe kimenionyesha kibano chake na manyoya matatu yaliyokatwa humo, yamewekwa moja juu ya jingine mbele ya dirisha, ili tuone kama mwanga unapita pembeni.